Paa Linalosimama kwa Mazoea

Kajiado,
Jumapili, 14 Januari 2024

Ndugu yangu Wahome,

Supa. Itikia "ipa" hata kama uko peke yako dukani, ili salamu isinirudie bure. Marehemu mume wangu Lemein alinifundisha salamu hii ya Kimaasai mwaka nilioolewa hapa, na sijaona sababu ya kuacha.

Naandika kwa mkono kwa sababu daktari wa masikio amethibitisha yale mliyokuwa mkiyasema nyuma yangu. Sikio la kulia limestaafu, na la kushoto linafanya kazi kwa mkataba. Usinipigie simu. Ukinipigia nitasema "ndiyo" kwa kila kitu, na naambiwa wiki jana nilikubali kununua kitanda cha mtoto mchanga. Barua yako iache kwenye ofisi ya vifurushi pale steji, nami nitaichukua nikienda sokoni.

Kwetu ni wazima. Mwanangu Katoo bado anauza ng'ombe huko Bisil, na bado anaamini kila ng'ombe aliyemuuza jana angempatia bei nzuri zaidi leo. Mvua ya mwisho wa mwaka imetuletea majani, kwa hivyo wale waliokuwa wakilalamika hakuna majani sasa wanalalamika kwamba majani yamejaa maji. Mkeo Immaculate hajambo? Na Caro wenu amemaliza masomo, ama masomo yamemmaliza?

Sasa neno lililonifanya ninunue karatasi. Unaukumbuka ukumbi wetu wa akina mama, tulioujenga kwa harambee mwaka wa 1986. Nasema "unaukumbuka" kwa adabu tu, maana paa lake ulilijenga wewe. Umezeeka kama sisi. Vioo vilivunjika zamani, tukapigilia mabati madirishani, kwa hivyo ndani ni giza na taa kumi na sita zinawaka mchana kutwa. Ikifika saa saba ni tanuri. Kliniki ya watoto bado iko pale kila Jumanne, na Elizabeth, nesi wetu, anasema hajui tena mtoto mwenye homa ni yupi na aliyechomwa na jengo ni yupi.

Mwezi uliopita shirika moja la Nairobi lilikubali kutusaidia. Usishangilie. Hawakarabati majengo, wanapunguza matumizi ya stima. Mzee Munguti, mwenyekiti wetu, aliwaambia mlango umeoza. Wakajibu kwamba kuoza si idara yao. Mimi kama katibu nikaandika upya: "Hewa inapotea kupitia mlangoni." Wakakubali siku hiyo hiyo. Kwa hivyo siku hizi Kajiado hakuna kitu kilichooza. Kuna upotevu wa hewa tu.

Paa ndilo linalonitatiza. Limebonyea katikati kama mgongo wa punda, na upepo ukivuma linalia. Njoo siku moja, ndugu yangu, upande ngazi uliangalie. Wewe ndiwe unayejua kilichoko juu ya ile dari.

Dada yako,
Zipporah


Kitengela,
9/2/2024

Dada mpendwa Mama Katoo,

Ipa! Nimeitikia kwa sauti mpaka mteja akaniuliza naongea na nani.

Pole kwa kuchelewa. Barua ilifika mapema, sitadanganya, lakini hapa mambo ni mengi. Immaculate aliongeza kuku kule Isinya, sasa wako mia tano, na kila siku kuku mmoja anapata ugonjwa ambayo daktari hajawahi kuiona. Caro amemaliza masomo. Anatafuta kazi kwa simu, amelala. Anasema ndio mtindo.

Magoti yangu ni mabaya, dada. Ngazi kwangu sasa ni kitu ya kuangalia tu. Lakini sitakuacha hivi hivi. Nimefikiria hiyo shida ya stima na jibu iko rahisi: balbu. Hizo taa zenu ni za zamani, zinakula stima kama ng'ombe kwa shamba ya mahindi. Nimekutumia katoni mbili za balbu mpya kutoka dukani kwangu, ni zawadi. Badilisha zote na utaona tokeni ya stima ikikaa.

Kuhusu hiyo paa, ushauri wangu kama fundi ni usiisumbue. Paa ya zamani imezoea mahali iko. Ukianza kufungua dari unaingiza vumbi na joto bure. Wacha dari ikae imefungwa.

Mungu akulinde,
Wahome


Kajiado,
20 Februari 2024

Ndugu yangu Wahome,

Salamu nyingi. Balbu zimefika zote isipokuwa mbili, ambazo ofisi ya vifurushi inasema hazikuwahi kuwepo, ingawa leo mezani kwao kunang'aa ajabu. Asante. Akina mama wamekuombea magoti, na wamekuombea pia urudie sarufi. Ni "jibu liko", Wahome. Nilikufundisha mimi mwenyewe, darasa la tano.

Habari za nyumbani si mbaya. Katoo alianguka na pikipiki akichunga mbuzi. Ndiyo, siku hizi mbuzi huchungwa kwa pikipiki. Amechubuka kiwiko na heshima.

Shirika lilituletea mhandisi. Anaitwa Linda, hata miaka thelathini hana, amevaa buti kubwa kuliko miguu yake, na ana kamera inayoona joto. Ukiielekeza kwa mtu, anatokea mwekundu. Mzee Munguti alitokea samawati kidogo, akakasirika, akataka apigwe picha tena. Linda alipima ukumbi siku mbili, kisha akatuletea ripoti ya kurasa arobaini na nne. Niliisoma yote, na ushauri wake mkubwa uko ukurasa wa thelathini na moja: tufungue madirisha.

Nimecheka, lakini tumefanya. Tumeng'oa mabati, tumeweka vioo, na sasa mchana hatuwashi taa hata moja. Kwa hivyo zile balbu zako nzuri zinapumzika, na kwa kweli hakuna taa inayokula stima kidogo kuliko iliyozimwa.

Lakini joto bado liko, na Linda anasema linatoka juu. Kamera yake ikielekezwa darini inakuwa nyekundu yote kama kikaango. Anataka kutandaza blanketi la kuzuia joto kati ya mabati na dari. Nikamwambia, "Subiri. Ndugu yangu ndiye aliyejenga, atakuja aseme kama paa litabeba."

Akaniuliza, "Atakuja lini?"

Nikamwambia ninakuandikia. Nimekuandikia.

Zipporah


Kitengela,
30/3/2024

Dada mpendwa,

Salamu za Pasaka. Sisi wazima, isipokuwa kuku kumi na moja. Immaculate anakusalimu. Caro alipata kazi Ngong, akaiacha siku ya tatu kwa sababu mwajiri alitaka afike asubuhi.

Huyo msichana mhandisi ana bidii, simlaumu. Lakini blanketi ya joto ni kitu ya nchi za baridi, sisi hapa tunahitaji tu rangi nyeupe. Paka mabati rangi nyeupe kwa nje, jua linarudi kwao. Nimewatumia mikebe kumi na miwili ya rangi. Vijana wawili wepesi wapande. Nasema wepesi. Watembee kwenye misumari tu, wasikanyage katikati. Na wasipande wote wawili mara moja.

Nisamehe sitakuja mwezi huu. Nilikuwa nimepanga kabisa, lakini kuna mkutano wa kanisa, na mvua nayo imeanza.

Tena naomba: hiyo dari isifunguliwe. Kuna popo.

Wahome


Kajiado,
3 Mei 2024

Wahome,

Sisi wazima. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu lingeweza kuwa vinginevyo.

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, kliniki ilikuwa imejaa. Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa. Mimi nilikuwa mlangoni nikiandika majina. Sikusikia chochote, niliona tu vinywa vyote vimefunguka kwa pamoja. Nikageuka, na kipande cha dari kikubwa kama meza ya chakula kilikuwa chini, juu ya benchi. Mama aliyekuwa ameketi pale alikuwa ameinuka wakati huo huo kumpeleka mwanawe kwenye mizani. Shuka la mtoto lilibaki chini ya zile mbao. Tulilivuta, likatoka limepasuka.

Hakukuwa na popo.

Linda alikuja kesho yake. Alipandisha ngazi kwenye lile tundu, akakaa juu nusu saa na tochi. Akashuka. Alifungua ule mchoro wa 1986 ambao mimi kama katibu nimeutunza kwenye sanduku langu, akahesabu kwa kidole, akapanda tena, akashuka.

"Mama Katoo," akasema, na alisema kwa nguvu ili nisikie, "mchoro unaonyesha fremu kumi na mbili za mbao za kubeba paa. Ziko nane. Zimeachanishwa ili zitoshe urefu wa jengo. Hili paa halibebwi na kitu. Linasimama kwa mazoea."

Mzee Munguti akauliza, "Nne zimeenda wapi?"

Watu wote wakaniangalia mimi, kwa kuwa mimi ndiye dada wa fundi.

Nimesema nitakuandikia. Ukumbi tumeufunga kwa mnyororo.

Zipporah


Kajiado,
11 Juni 2024

Wahome,

Wiki tano. Nimeenda pale ofisi ya vifurushi mara tisa. Yule kijana sasa akiniona anatikisa kichwa nikiwa bado ng'ambo ya barabara, ili nisipoteze hatua.

Kliniki inafanyiwa nje, kwenye ua. Mwezi huu ni wa baridi na upepo, na watoto wanavuliwa nguo kwenye huo upepo ili wapimwe. Sikuulizi kitu. Nakueleza tu hali ya hewa.

Zipporah


Kitengela,
2/7/2024

Dada Zipporah,

Salamu. Immaculate ndiye amenilazimisha kuketi. Aliisoma barua yako ya Juni kabla yangu. Akaniuliza, "Hizo mbao ziko wapi, Baba Caro?" Miaka thelathini na nne ya ndoa, sikuwa nimemwambia.

Ziko kwako.

Labda unakumbuka na labda hukumbuki. Mwaka ule nilikuja Kajiado kwa kazi ya ukumbi, nikafikia kwenu. Lemein alikuwa amehamisha ng'ombe mpaka karibu na mpaka, hajarudi miezi miwili. Nyumba yenu ilikuwa na kuta tu, juu umefunika na turubai. Asubuhi moja niliingia nikakuta Katoo amelazwa chini ya meza, na juu ya meza umetandaza nailoni, na maji yanatiririka kando. Alikuwa na miezi saba. Alikuwa anakohoa kama mzee. Wewe ulikuwa unajitayarisha kwenda shule kufundisha, na uliniambia, "Karibu chai," kama nyumba iko sawa.

Siku hiyo nilikuwa nimekata mbao za fremu kumi na mbili. Nilisimamisha nane. Zile nne nilizileta kwako na mkokoteni, nikakuambia nimepata mbao za bure kwa rafiki yangu. Nilisema moyoni nitarudisha baada ya mwezi moja. Mwezi ikaisha, wakapigilia dari, wakaimba, wakanipatia blanketi na cheti. Cheti iko hapa ukutani. Imeandikwa "kwa uaminifu".

Sikuwahi kurudi ndani ya huo ukumbi. Hata wakati wa kumuaga Lemein, nilisimama nje nikasema ninaangalia magari. Upepo ukivuma hapa Kitengela, mimi huenda steji nikauliza watu waliotoka Kajiado kama kuna habari. Wananiona kama mtu anayependa umbea.

Nilikutumia balbu na rangi. Ningekutumia kitu chochote kwa hiyo ukumbi isipokuwa mimi mwenyewe.

Sema lile unataka kusema. Uwaambie kamati ama usiwaambie, mimi sina neno.

Wahome


Kajiado,
21 Julai 2024

Ndugu yangu Wahome,

Supa. Magoti yako yanaendeleaje?

Nilipomaliza kusoma barua yako nilimwita Katoo atoke Bisil. Nilimwambia afungue dari ya sebule. Aliuliza kuna nini, nikamwambia kuna popo.

Alifungua. Nilipanda mimi mwenyewe kwenye meza, nikaweka kiti juu ya meza, Katoo akinishika miguu na kulia kwamba nitakufa. Nilikuwa natafuta rangi nyekundu. Nadhani hukujua, au ulijua ukasahau: mbao zote za harambee zilipakwa rangi nyekundu kwenye ncha ili zisiibiwe. Aliyezipaka ni mimi. Nilitumia siku mbili, mikono ikabaki myekundu mpaka watoto shuleni wakaniita mchinjaji.

Umezikata ncha, Wahome. Zote, kila moja kwa shibiri, isipokuwa moja iliyoingia ndani ya ukuta upande wa jikoni. Katoo alikwaruza lipu kwa kisu, na ile rangi ikatokea, mbichi kama ya jana.

Akakaa chini. "Mama, kwa hivyo maisha yangu yote nimelala chini ya mali ya umma?"

"Ndiyo."

"Na ulinichapa kwa sababu ya hindi moja la jirani."

"Ndiyo, na ulistahili."

Sasa nami niseme langu, maana wewe umesema lako. Siku ulipoleta mbao kwa mkokoteni nilikuwa mlangoni. Niliona ncha zimekatwa upya, unga wa msumeno bado umeshika. Nilijiuliza kwa nini mtu akate shibiri moja ya mbao nzuri. Niliwaza hivyo kwa muda wa kuchemsha chai. Kisha nikaangalia mawingu, nikamwangalia Katoo, nikaacha kuwaza. Nimeacha kwa miaka thelathini na minane. Nimekuwa katibu wa ukumbi huo miaka yote hiyo, nimetunza mchoro sandukuni, na hata siku moja sikuinua macho nikahesabu. Kwa hivyo usijifanye mwizi peke yako. Kazi hiyo ilikuwa na wafanyakazi wawili.

Niliita kamati Jumamosi. Nilisoma barua yako yote kwa sauti, nikabakisha sarufi kama ilivyo. Kisha nikaeleza habari ya zile ncha. Halafu Mzee Munguti akasimama na fimbo yake.

"Kisheria," akasema, "tunaweza kubomoa nyumba ya katibu turudishe mbao zetu."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilisema, "Bomoeni."

Elizabeth akauliza, "Na tukibomoa, kliniki ya Jumanne itakuwa wapi? Bado tuko kwenye upepo."

Munguti akafikiria. Unamjua anavyofikiria, anatafuna kitu ambacho hakiko. Mwishoni akasema, "Kliniki itaenda zilipo mbao."

Wakapiga kura. Wote waliinua mkono, na mimi nikaandika kwenye kitabu: kuanzia sasa hadi ukumbi utakapotengenezwa, sebule ya katibu ni ya jumuiya. Jumanne iliyopita walikuja akina mama ishirini na sita. Wamekalia makochi yangu yote, hata lile la Lemein ambalo mimi mwenyewe silikalii. Mtoto mmoja amekojolea zulia. Nimekuwa nikisema miaka mingi kwamba nyumba ni kimya mno. Sisemi tena.

Kuhusu wewe, kamati imesema hivi: hawataki polisi, hawataki radhi ya barua. Wanamtaka fundi.

Zipporah


Kitengela,
1/8/2024

Dada,

Nimesoma. Nakuja tarehe tano na lori. Ninaleta mbao za fremu nne, na za fremu ya tano kama kwa zile nane za zamani kuna moja imeliwa na mchwa. Caro atanisindikiza. Anasema anataka kuona baba yake akifanya kazi, kwa sababu hajawahi.

Nitalala ukumbini, si kwako. Usinibembeleze.

Wahome


Kitengela,
18/9/2024

Dada mpendwa Mama Katoo,

Nimefika salama. Immaculate anashukuru kwa maziwa na ile nyama. Caro amebaki Kajiado kama unavyojua, Linda amempatia kazi ya kushika ile kamera, na nasikia anaamka saa kumi na mbili. Nimemwambia Immaculate, hakuniamini.

Kuna kitu sikukuambia tulipoagana, kwa sababu mbele ya watu ulimi ulikuwa mzito. Ni habari ya ile Jumanne ya mwisho, kabla tufunge dari. Wewe ulikuwa nyumbani na akina mama na watoto.

Linda alikuwa amemaliza kutandaza zile blanketi za joto. Kwa makaratasi yake ameandika mbao zangu ni "vishikizo vya blanketi", ndio shirika likubali. Basi nilikuwa juu ya ngazi nikitaka kuteremka, magoti yamekufa. Mzee Munguti akaingia na watu kama arobaini. Nilidhani ni mkutano wa mazishi. Akasimama chini ya ngazi, akasema, "Fundi, hesabu."

Nikasema, "Mzee, unaziona."

"Mwaka ule pia tuliziona. Hesabu."

Nikaanza upande wa mlango. Moja. Mbili. Kila nikitaja, naigonga kwa nyundo, na wao wanaitikia chini, kama watoto wa nasari. Tatu, nne. Nilipofika nane nilisimama. Dada, sikupanga. Miaka yote hesabu yangu ilikuwa inaishia hapo. Watu wakangoja. Hakuna aliyenisaidia. Nikaona huyo mama ambaye shuka ya mtoto wake ilipasuka, amembeba mtoto mgongoni, ananiangalia bila hasira, ananiangalia tu kama mtu anangoja chenji.

Nikagonga ya tisa. Nikasema tisa, lakini sauti ilitoka kama ya mbuzi. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili nililia, sitaficha, nililia mbele ya Caro.

Munguti akasema, "Sawa. Funga dari." Kisha akaenda nje. Baadaye nikamkuta anazungumza na msumari mmoja kwa ukuta, akijifanya anaukagua, na macho yake hayakuwa makavu.

Ile cheti nimeitoa ukutani. Immaculate anauliza tuweke nini pale. Nimemwambia ukuta inaweza kukaa tu.

Ndugu yako,
Wahome


Kajiado,
1 Desemba 2024

Ndugu yangu Wahome,

Supa oleng, yaani supa sana. Nilikusudia kusubiri nikuandikie mwaka mpya, lakini ukumbi umefunguliwa na wewe hukuja, kwa hivyo lazima nikutese kwa maelezo.

Caro ni mzima na anakula vizuri. Ameanza kunisahihisha mimi habari za stima, na juzi alipitia nyumba nzima na ile kamera akaniambia friji yangu ni jambazi. Katoo anafika nyumbani kila wiki, eti anakuja kuniona, lakini namwona akichungulia ukutani palipo na ile rangi nyekundu, kisha anaondoka akitabasamu. Hajapiga lipu pale. Nami sijamwambia apige.

Mgeni rasmi alitoka Nairobi kwenye shirika. Alisimama mbele ya ukumbi, akakata utepe, akasoma hotuba. Alisema ukumbi wetu ni mfano wa kuigwa, kwa sababu katika miezi sita matumizi yetu ya stima yameshuka kwa asilimia tisini. Watu walipiga makofi sana. Mimi nilimtazama Linda, Linda akatazama buti zake. Katika hiyo miezi sita, ukumbi ulikuwa umefungwa kwa mnyororo, na iliyokuwa ikifanya kazi humo ni nyundo yako, ambayo haitumii tokeni. Lakini sikusema. Nimejifunza kwamba ukweli una wakati wake, na si wakati watu wameshika soda.

Haki yake niiseme: ndani ni pazuri. Saa saba mchana mtu anakaa bila kujipepea. Mwanga unaingia kila upande. Upepo ulivuma wakati wa maombi, na paa halikulia. Mzee Munguti aliinua uso, akasikiliza, kisha akanikonyeza, jambo ambalo hajawahi kunifanyia tangu mwaka wa 1986, na hata mwaka huo hakunikonyeza vizuri.

Baada ya sherehe nikawatangazia akina mama: Jumanne ijayo kliniki inarudi nyumbani kwake. Wakaangaliana. Nikadhani hawajanisikia, maana siku hizi huwa nadhani wote ni kama mimi. Nikarudia. Ndipo Elizabeth akaja kando yangu, akasema karibu na sikio la kushoto, "Mama Katoo, wanasema ukumbi ni mzuri sana. Utafaa kwa harusi."

"Na kliniki?"

"Wanasema huku hakuna makochi. Hakuna chai. Na watoto wamezoea."

Niliita kamati kesho yake, nikawakumbusha kwamba kura ilisema "hadi ukumbi utakapotengenezwa". Wakapiga kura upya. Mkono wangu peke yake ndio uliobaki chini. Nikaandika kwenye kitabu, kwa mwandiko mzuri, kwamba nimeshindwa.

Kwa hivyo Elizabeth amepachika mizani ya watoto kwenye mbao za sebule yangu, pale Katoo alipofungua dari, na tumeamua pasifungwe. Jumanne iliyopita walipimwa watoto thelathini na mmoja, mmoja baada ya mwingine, wakining'inia kwenye ule mfuko na kupiga mateke. Mmoja alikuwa na miezi saba, mnene, mwenye kikohozi kidogo. Nilimshika mguu muda mrefu kuliko inavyotakiwa, mpaka mama yake akaniuliza kama nimeona ugonjwa.

Njooni mle Krismasi hapa, wewe na Immaculate. Mwaka huu inaangukia Jumatano. Fikeni Jumatano yenyewe, msije Jumanne, maana hamtapata mahali pa kuketi.

Dada yako,
Zipporah